Kaka anataka tumpeleke mdogo wetu kwenye chumba cha oksijeni

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni kupamba maharusi. Nakuandikia saa nane usiku, nasubiri simu ilie nimwamshe mdogo wangu nimtie dawa ya jicho.

Mdogo wangu ana miaka 22. Karibu wiki saba zilizopita alikuwa mpambe kwenye harusi ya binamu yetu, nikamvalisha lenzi za rangi ya asali ili zilingane na gauni. Alizipenda akaendelea kuzivaa siku nne mfululizo, hata kulala alilala nazo. Siku ya tano jicho la kushoto likawa jekundu. Tukanunua matone duka la dawa, wekundu ukapungua, maumivu yakazidi. Baada ya siku kumi tukaenda zahanati, wakasema ni virusi vya malengelenge kwenye jicho, akapewa dawa zake wiki mbili. Haikusaidia. Mwishowe tukapewa rufaa, daktari bingwa akamkwangua jicho, kipimo kikaonyesha ni amiba. Sasa ni wiki mbili na nusu yuko kwenye matone ya kila saa, mchana na usiku.

Mama, hali. Tumeziba dirisha kwa khanga mbili maana mwanga unamuumiza, anakaa na kitambaa usoni, akilia machozi yenyewe yanamchoma. Ananiambia, "Dada, niache nilale, hata nikiwa kipofu niache nilale."

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat. Ametuma sauti ndefu kwamba kuna tiba ya oksijeni, mgonjwa analazwa ndani ya chumba kama mtungi mkubwa anavuta oksijeni tupu kwa presha. Anasema lenzi zililinyima jicho hewa, kimelea kikapata nafasi, kwa hiyo jicho likijazwa oksijeni kimelea kinakufa. Ameshatenga pesa ya tiketi na anataka picha ya pasipoti kabla ya Ijumaa. Mama yetu amekubali. Mdogo wangu naye anataka kwenda, kwa sababu ameambiwa huko hakuna matone ya kila saa. Na jirani ametuletea kichupa cha mafuta ya ozoni, anasema ni oksijeni hiyohiyo, tumtie wakati tunasubiri safari.

Mimi nasita, ila nikipinga wataniambia nini, na mimi ndiye niliyemvalisha zile lenzi? Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile dawa ya kuoshea lenzi ilikuwa imeisha. Nilizisuuza kwa maji ya bomba.

Je, oksijeni inaua amiba? Nimjibu nini kaka?

Dada mwenye hofu

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na jibu, maana Ijumaa iko karibu. Mdogo wako asisafiri kufuata oksijeni, na yale mafuta yasiguse jicho lake. Oksijeni haiui amiba huyu. Matone mnayomtia ndiyo tiba. Nimefanya kazi ya unesi kwenye wodi ya macho kwa miaka mingi kabla ya kuanza safu hii, na maumivu unayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu. Najua kwa nini nyumba nzima inatamani njia nyingine.

Kaka yako usimwone mjinga. Ameshika mambo mawili ya kweli, akayaunganisha vibaya.

La kwanza, kweli lenzi hulinyima jicho hewa. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hauna mishipa ya damu. Ungekuwa nayo tusingeona vizuri. Kwa hiyo konea inavuta oksijeni moja kwa moja kutoka kwenye hewa, kupitia machozi. Ukilala umefumba macho inapata kidogo kutoka upande wa ndani wa kope, nayo hewa hiyo ni chini ya nusu ya ile ya mchana. Sasa weka lenzi juu yake, halafu fumba jicho usiku kucha: ngozi ya juu ya konea inadhoofika, inachubuka kirahisi, na vijidudu vinapata pa kushika. Hapo kaka amesema kweli.

La pili, kweli kuna vijidudu vinavyouawa na oksijeni. Bakteria wa gangrini ya gesi hukaa kwenye nyama iliyokufa isiyofikiwa na hewa, na chumba cha presha ni sehemu ya tiba yake inayojulikana duniani kote, pamoja na upasuaji na antibayotiki. Chumba kama hicho ndicho wanachotibiwa pia wazamiaji wanaopanda juu haraka kutoka kilindini. Si utapeli, ni tiba halisi, kwa magonjwa yake.

Lakini amiba aliyeko kwenye jicho la mdogo wako, anayeitwa akantamiba, si wa kabila hilo. Huyu anapumua oksijeni kama wewe na mimi. Makazi yake ni udongo, mito, matangi, mabwawa ya kuogelea, maji ya bomba, na ameshapatikana hata kwenye vumbi linaloelea hewani. Maisha yake yote yako kwenye hewa. Ukimwongezea oksijeni humwongezei adui.

Tena fikiria hivi. Miaka ya mwisho ya 1990 viwanda vilianza kutengeneza lenzi za silikoni haidrojeli, zinazopitisha oksijeni kwa wingi kuliko za zamani, na wataalamu wengi walitegemea kwamba maambukizi ya konea yatapungua sana. Hayakupungua. Tafiti kubwa za Australia na Uingereza zilizochapishwa 2008 zilionyesha hivyo, na wanaolala na lenzi waliendelea kuwa kwenye hatari kubwa zaidi hata kwa lenzi hizo mpya. Kama hewa peke yake ingetosha kuwazuia vijidudu wasiingie, hapo ndipo tungeiona kazi yake. Sembuse kuwatoa wakishaingia.

Kinachofanya ugonjwa huu uwe mrefu ni gamba. Akantamiba ana maisha mawili. Akiwa mzima anatembea na kula, na dawa humpata bila shida. Akihisi hatari au njaa anajikunja, anajijengea gamba lenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na ndani yake mna selulosi, kitu kilekile kinachoupa mti ugumu wake. Humo anakaa kimya. Kwenye maabara magamba haya yamekaa zaidi ya miaka 20, na yaliporudishiwa chakula amiba akatoka mzima. Ndiyo sababu daktari anataka matone mfululizo kwa miezi, jicho likishatulia pia. Ukiacha katikati, waliojifungia wanafungua mlango.

Dawa kuu ni mbili, poliheksanidi na klorheksidini, zikiwa zimezimuliwa mpaka asilimia 0.02, wakati mwingine pamoja na propamidini. Watafiti wa Ulaya waliwafuatilia wagonjwa 135, wengine wakitumia poliheksanidi ya nguvu zaidi peke yake, asilimia 0.08, wengine ya kawaida pamoja na propamidini. Katika makundi yote mawili zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 walipona bila kuhitaji upasuaji. Hiyo ya nguvu zaidi iliidhinishwa rasmi Umoja wa Ulaya mwaka 2024. Mweleze kaka hilo, kwa sababu anachokitafuta ni tumaini, na tumaini lenyewe limo kwenye kichupa kilichopo hapo kitandani.

Naomba hapa unisikilize vizuri. Klorheksidini ya jicho hutengenezwa na mfamasia wa hospitali kwa kipimo hicho kidogo. Ile ya dukani ya kusafishia ngozi au kupaka kitovu cha mtoto mchanga ina asilimia 4, yaani nguvu mara 200, na inaunguza konea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya watu katika nchi kadhaa za Afrika kuumia vibaya macho kwa kutia jeli ya kitovu wakidhani ni dawa ya macho. Jina likifanana kwenye kichupa isiwe sababu ya kuitia jichoni. Dawa ikiisha, rudini palepale ilipotengenezwa.

Kuna mahali ambapo oksijeni kweli inatumika kupigana na vimelea vya konea, na huenda kaka amekutana na habari hiyo ikachanganyika njiani. Madaktari wa Miami, na wengine baada yao, wamejaribu kuipaka konea rangi nyekundu iitwayo rozi bengali, kisha kuimulika kwa taa ya kijani. Rangi ikipigwa na mwanga inaibadilisha oksijeni iliyomo ndani ya konea kuwa kali sana kwa muda mfupi mno, na ukali huo ndio unaochoma vijidudu vilivyo karibu. Kumbuka, hapo oksijeni ya kawaida iliyopo jichoni inatosha, kinacholeta ukali ni rangi na mwanga. Njia hiyo bado iko kwenye utafiti, hutumiwa na mtaalamu kwa jicho lililogoma kusikia matone, na matone hayaachwi. Haifanani na kulala kwenye mtungi, wala na mafuta ya ozoni. Ozoni ni gesi inayochubua, na mafuta ya kienyeji kwenye konea yenye kidonda ni kukaribisha bakteria na fangasi juu ya amiba. Mshukuru jirani, weka kichupa mbali.

Safari yenyewe ina hasara nyingine. Kila kikao cha chumba cha presha huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili, na hurudiwa siku nyingi. Masikio huuma, na wanaokaa humo vikao vingi wengine huona mbali kwa shida kwa muda. Ila kubwa ni kwamba daktari anayemwona sasa anajua jicho hilo lilivyokuwa wiki iliyopita. Anapima kidonda, anaona kama duara jeupe limetokea au limefifia, anaongeza dawa au anapunguza. Ukimhamisha wiki ya tatu, kila kitu kinaanza upya mbele ya mtu mgeni.

Sasa hili la kulala. Hapa nina wasiwasi na nyinyi zaidi kuliko oksijeni. Kwa kawaida matone ya kila saa usiku na mchana ni ya siku mbili za kwanza tu, au karibu na hapo. Baadaye huwa kila saa mchana tu, mgonjwa anaachwa alale, halafu yanapunguzwa polepole. Wiki mbili na nusu za kumwamsha kila saa usiku ni nyingi. Inawezekana daktari ana sababu yake, au inawezekana mlipewa maelekezo ya mwanzo na hakuna aliyewaambia lini yabadilike. Nimeona familia zikifanya hivyo kwa uaminifu mkubwa hadi mgonjwa akakata tamaa. Dawa zenyewe pia huchubua konea zikizidi. Usipunguze kwa uamuzi wako. Kesho asubuhi nenda, au piga simu kliniki, uliza kwa maneno haya: "Usiku bado tumwamshe?" Jibu lake linaweza kumrudishia mdogo wako usingizi bila tiketi ya ndege.

Na unapomtia, osha mikono kwa sabuni, ukaushe. Vuta kope ya chini itengeneze kijifuko, tone moja, mdomo wa kichupa usiguse kope. Afumbe bila kukaza. Mbonyeze taratibu kwenye kona ya jicho upande wa pua, dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Zikiwa dawa mbili, zipishane dakika tano, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Bandika karatasi ukutani yenye saa zote, kila anayetia aweke alama. Na muwe wawili au watatu wa zamu. Binamu aliyeolewa siku ile aje naye alale hapo siku moja moja.

Maumivu yake si ya kuvumiliwa kimya. Amiba huyu hufuata mishipa ya fahamu ya konea, ndiyo maana jicho huuma kuliko linavyoonekana. Mwambie daktari wazi, kuna vidonge vya maumivu vyenye nguvu ya kutosha na kuna matone ya kupanua mboni yanayotuliza. Kitu kimoja msikubali mtu awauzie: matone ya ganzi ya kutumia nyumbani. Yanafurahisha kwa nusu saa na yanaiyeyusha konea. Na yale matone ya kwanza ya duka la dawa, tafuta boksi lake. Kama ndani mlikuwa na deksamethazoni au steroidi nyingine, hiyo ndiyo iliyoondoa wekundu huku ugonjwa ukizidi chini yake. Daktari anatakiwa ajue.

Nenda haraka bila kusubiri miadi kama ataona giza ghafla, kama maji ya moto yatabubujika jichoni, au weupe wa jicho ukawa mwekundu sana na kuuma hadi kichwani.

Siwezi kukuahidi jicho litarudi kama lilivyokuwa. Likipona linaweza kubaki na kovu, na wengine huja kuwekewa konea ya mtu mwingine baadaye, jicho likishatulia kabisa. Lakini ninyi mmefika kwa bingwa kabla au karibu na mwezi mmoja. Nimeona wanaofika mwezi wa tatu. Muda mliouokoa ni mwingi.

Sasa yale maji ya bomba, mwanangu.

Mwambie daktari. Si kwa ajili ya kuhukumiwa, ni taarifa anayoihitaji. Na zile lenzi pamoja na kikasha chake, kama viko kwenye sanduku lako la vipodozi, usivioshe wala usivitupe. Ukifungua kile kikasha ukipitisha kidole ndani kinateleza, huo ute ndio shamba la amiba, bakteria ndio chakula chake. Vitie kwenye mfuko safi umpelekee, maabara inaweza kuvipima. Nawe si wa kwanza. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1970, na miaka ya 1980 wagonjwa waliongezeka Marekani kwa sababu watu wenye elimu zao walikuwa wanajitengenezea maji ya kuwekea lenzi nyumbani, kwa vidonge vya chumvi. Waliamini ni safi. Hata maji ya chupa tunayokunywa hayafai lenzi.

Kwa mdogo wako utamwambia lini, chagua wewe, ila usingoje alisikie kwa mtu mwingine. Kaa kitandani kwake baada ya dawa, taa ikiwa imezimwa, useme ulichofanya bila kujitetea. Atakasirika labda. Anayo haki. Na bado ni wewe unayeamka saa nane.

Kaka usimjibu kwa sauti mbele ya familia, wala kwenye kundi la simu. Mpigie peke yake. Mwambie: "Kaka, nimeuliza. Umesema kweli kwamba lenzi zilimnyima hewa. Ila huyu amiba anaishi kwenye hewa, hauawi na oksijeni, anauawa na haya matone kwa miezi. Ile pesa ya tiketi naiomba hapa." Halafu umpe hesabu: dawa ya miezi sita, nauli ya kliniki kila wiki, mtu wa kusaidia nyumbani. Ndugu aliye mbali anaumia kwa kukosa la kufanya. Umpe kazi. Mwombe pia azungumze na daktari kwa simu siku ya kliniki, akisikia mwenyewe itamtosha, na mama naye akimsikia mkubwa amekubali atatulia.

Na bibi harusi wako wa Jumamosi hii, kama umemwahidi lenzi, mpigie leo. Mwambie utampamba kwa macho aliyozaliwa nayo.